Kurudi kuonja mvinyo Dodoma

Ndugu, umeuliza kama inafaa, ukiwa safarini kutoka Dar es Salaam kwenda Singida, kurudi kwenye kiwanda kile kile kidogo cha mvinyo ulichokipenda Dodoma, au ujaribu kingine. Kwa maoni yangu rudi, kwa sababu mvinyo utakaoukuta huenda usiwe ule ule. Mizabibu ya Dodoma, tofauti na ile ya Ulaya, huvunwa mara mbili kwa mwaka, na zabibu zinazoiva wakati wa mvua mara nyingi huwa na maji mengi na sukari pungufu kuliko zile za kiangazi. Kwa hiyo muulize mhudumu chupa anayoifungua ni ya mavuno yapi.

Anza na mvinyo mwekundu mkavu, yaani usio na utamu, wa zabibu aina ya Makutupora, ambazo ndizo za nyumbani hasa. Inamisha glasi juu ya karatasi nyeupe uione rangi yake pembeni, kisha unywe kidogo na uuache ukae mdomoni: ule ukakasi unaoshika ufizi hutoka kwenye maganda na mbegu, nami naupenda sana ukiandamana na nyama choma ya mbuzi isiyotiwa ndimu nyingi. Mvinyo mtamu uwe wa mwisho, maana ukitangulia, ule mkavu utauona mchachu bure.

Tafadhali usiendeshe gari siku hiyo. Tangu 2024 treni ya umeme inafika Dodoma, basi shuka, onja, ulale mjini, na asubuhi upande basi la Singida.