Re: Junji Ito kamkopi Lovecraft au watu wanalazimisha tu?

Mkuu, Junji Ito, yule mjapani anayechora manga (vitabu vya hadithi za picha) za kutisha, hajakopi, ila kachukua kitu cha ndani kabisa, na mwenyewe kashasema kwenye mahojiano kwamba Lovecraft, yule mwandishi Mmarekani wa hadithi za kutisha, ni mmoja wa waliomwathiri, pamoja na mchora manga mjapani mwenzake Kazuo Umezu. Angalia Uzumaki, ile manga iliyoanza kutoka 1998. Hakuna pepo lenye kisasi wala mzimu wa mtu aliyedhulumiwa, kinachoutesa mji wa Kurouzu ni umbo tu, ule mzunguko kama wa gamba la konokono, halina chuki na mtu, halisikii dua, na watu wanaisha mmoja mmoja. Hiyo ndo Lovecraft yenyewe: binadamu si chochote, na kilichopo nje hata habari zetu hakina.

Kuna pale mama yake Shuichi, kijana mmoja wa humo kwenye Uzumaki, anaogopa mizunguko mpaka anachukua mkasi anakata ncha za vidole sababu ya alama za vidole, halafu kumbe ndani ya sikio nako kuna kiungo kimejikunja kama konokono. Aisee pale nilifunga kitabu kwanza. Utakimbilia wapi wakati kitu kimo mwilini mwako?

Tofauti kubwa naiona hapa, Lovecraft anaweza kuandika kwamba kitu hakielezeki akaishia hapo, mchoraji hana hiyo nafasi, lazima achore, na Ito anachora mstari kwa mstari mpaka unasisimka. Ukimaliza mtafute Gou Tanabe, mchora manga mwingine, yeye kazichora hadithi za Lovecraft zenyewe, anza na ile ya milima ya Antaktika.