Blokucheni ya pamba huanzia kwenye mizani

Mnunuzi wa Ulaya akiuliza fulana imetoka shamba gani, jibu haliko kwenye kompyuta. Liko kwenye kituo cha ununuzi kule Lira au Kasese, nchini Uganda, pale karani anapotundika gunia la pamba mbegu, yaani pamba ambayo bado haijatolewa mbegu, kwenye mizani. Blokucheni, yaani daftari la kidijitali ambalo nakala zake hushikwa na wengi, hulinda kilichoandikwa kisije kubadilishwa kimyakimya. Haijui kama kilichoandikwa ni kweli. Kilo za uongo zikiingia, zitabaki humo zikiwa zimepigwa muhuri.

Kwa hiyo, kabla ya kumlipa mtu wa programu, shughulikieni mizani. Ijaribiwe kila asubuhi kwa jiwe la kilo 20, na uzito wa gunia tupu utolewe kila mara. Pamba iliyolowa irudi kuanikwa, maana maji huongeza kilo leo, na ikikauka ghala litaonekana limeibiwa. Magunia nayo yawe ya kitambaa cha pamba. Yale ya plastiki huacha vijinyuzi visivyoshika rangi, na hilo hugunduliwa kitambaa kikishatiwa rangi, hasara ikiwa tayari kubwa.

Papo hapo mkulima apate ujumbe kwenye simu yake, hata kama ni kitochi: kilo, bei, tarehe na namba ya risiti, kwa Kilango akiwa Lira, kwa Kikonzo akiwa Kasese. Mtu aliyebeba pamba yake mwenyewe akiambiwa ni kilo 62 ilhali alijua ni 70, atalalamika siku hiyohiyo. Hakuna mkaguzi anayemshinda huyo kwa kugundua kosa, na mradi unaomwacha nje umejinyima shahidi wake bora.

Baada ya hapo ni hesabu. Pamba mbegu ikichambuliwa hutoa pamba nyuzi takriban theluthi moja, kwa wastani asilimia 33 hadi 38. Chukua kilo 10,000 kwa asilimia 35: unapata kilo 3,500, yaani karibu marobota 19 ya kilo 185. Jineri, yaani kiwanda cha kuchambua pamba, ikiandika marobota 25, hizo ni kilo 4,625, zaidi ya asilimia 46. Pamba nyingine imeingia kutoka mahali pengine. Basi programu iwekewe sharti la kukataa ingizo lolote linalovuka asilimia 40 mpaka mtu aeleze na kutia sahihi. Endeleeni hivyohivyo mbele: kusokota hula kama asilimia 10 hadi 15, kukata kitambaa hula 15 hadi 20. Kilo zile 3,500 zitatoa fulana za gramu 180 zipatazo 13,500. Lebo 20,000 zikiombwa kwa mzigo huo, zikataliwe.

Mahali panapopoteza watu wengi ni mlango wa kiwanda cha uzi. Robota hufika na lebo yake, kisha marobota mengi hupangwa sakafuni pamoja na mashine huchota kidogo kutoka kila moja ili uzi ulingane. Hapo robota moja halifuatiliki tena. Andikeni orodha ya marobota yote yaliyopangwa na namba ya fungu la uzi lililotoka, na kwenye lebo ya nguo semeni “pamba ya wakulima wa vituo hivi”. Kutaja shamba moja ni kumdanganya mvaaji. Na lebo za karatasi inayochapwa kwa joto hufifia juani. Chapisheni kwa wino wa kudumu, na namba ile ile iandikwe kwa markapeni juu ya robota.

Nani ashike nakala? Kama kampuni moja ndiyo inayomiliki seva zote, hiyo ni daftari yake tu, na hifadhidata ya kawaida ingetosha kwa gharama ndogo. Ushirika, jineri, kiwanda cha uzi, mshonaji na mnunuzi kila mmoja awe na seva yake. Kwenye Hyperledger Fabric, programu ya blokucheni ya mashirika, inayotumia Raft, njia ya seva kukubaliana, seva 3 za kupanga miamala huvumilia kuzimika kwa 1, na 5 huvumilia 2. Kwa umeme wetu, anzeni na 5.

Majina, namba za kitambulisho cha taifa na ramani za mashamba visiingie kwenye mnyororo, yaani blokucheni yenyewe, kabisa. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya Uganda ya 2019 inampa mtu haki ya kudai taarifa zake zisahihishwe au zifutwe, na mnyororo haufutiki. Wekeni humo namba ya utambulisho isiyoonyesha jina la mtu tu, majina yakae kwenye hifadhidata ya ushirika.

Sheria ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika Julai 2024 imeweka msingi wa pasipoti ya kidijitali ya bidhaa, yaani rekodi ya taarifa za bidhaa inayosomwa kielektroniki, na nguo zimepewa kipaumbele. Haikulazimisha blokucheni, kwa hiyo msinunue mfumo kwa hofu ya sheria hiyo.

Mtandao ukikatika kituoni, simu ihifadhi maingizo na kuyatuma baadaye, ikitenganisha saa ya kupima na saa ya kupokelewa. Karani akikosea, asitafute njia ya kufuta: aandike ingizo jipya linalotaja namba ya lile la zamani, sababu, na jina la kazi la msimamizi aliyeidhinisha, na mkulima apokee ujumbe wa pili.