Maswali na Majibu: Gia za Baiskeli Mlimani

SWALI: Baiskeli yangu ina gia 3 mbele na 8 nyuma. Nikifika katikati ya mlima mkali nikatafuta gia nyepesi, cheni inagonga kwa kishindo, na mara nyingine inatoka kabisa. Kosa ni la cheni au langu?

JIBU: Unachelewa kubadilisha. Cheni huhama vizuri inapozunguka bila kuvutwa sana. Ukishaanza kukandamiza pedali kwa uzito wako wote, inakuwa imekazika mno. Ukiilazimisha itaruka, itakula meno au hata kukatika.

Gia ya mbele ndiyo ya kuwahi. Kihamishi chake, yaani kifaa kinachohamisha cheni, huisukuma upande wa juu, ule unaovutwa na miguu. Cha nyuma hufanya kazi upande wa chini uliolegea, ndiyo maana huvumilia zaidi. Kwa hiyo weka gia ndogo ya mbele ukiwa bado chini, mita 10 hivi kabla mwinuko haujakaza. Miguu ikianza kuzunguka hewani, rudi gia 1 au 2 ndogo zaidi nyuma, kwani nyuma ndogo ndiyo nzito na kubwa ndiyo nyepesi. Kisha, kadiri mlima unavyozidi, panda kwenye gia kubwa za nyuma moja moja: sukuma kwa nguvu nusu mzunguko, legeza miguu huku pedali zikizunguka, badilisha, usikie cheni imekaa, ndipo ukanyage tena.

Lenga mizunguko 60 hadi 80 kwa dakika. Hesabu goti moja: likipanda mara 15 hadi 20 ndani ya sekunde 15, uko sawa. Usione haya kutumia gia nyepesi kuliko zote. Meno 22 mbele na 32 nyuma, kwa gurudumu la inchi 26, husogeza baiskeli kama mita 1.4 tu kwa kila mzunguko wa pedali, na mwendo huo unatosha kukufikisha juu bila kuumiza magoti.

Ukikwama kwenye gia nzito, shuka. Inua gurudumu la nyuma, badilisha gia huku ukizungusha pedali kwa mkono, kisha panda tena.

Kama cheni inaangukia kwenye fremu hata unapobadilisha kwa upole, tazama skrubu yenye alama L kwenye kihamishi cha mbele. Weka cheni kwenye gia ndogo mbele na kubwa nyuma, kisha kaza kwa robo mzunguko mpaka bamba la ndani la kihamishi libakize kama milimita 1 kufikia cheni.

SWALI: Sigusi gia, lakini nikikanyaga kwa nguvu mlimani cheni inateleza juu ya meno ya nyuma. Kwa nini?

JIBU: Huenda imechakaa. Pima kutoka katikati ya pini moja hadi katikati ya pini ya 24 baada yake. Cheni mpya ina milimita 304.8, ikifika 307, ibadilishe. Ukiweka mpya na bado inateleza, meno ya nyuma nayo yamelika.

SWALI: Nisimame au nikae?

JIBU: Kaa, usogee mbele kidogo kwenye siti na kuinamisha kifua. Kwenye changarawe ukisimama, uzito hutoka nyuma na tairi hukosa mshiko. Palipo na lami unaweza kusimama kwa muda mfupi, lakini kwanza weka gia 1 au 2 nzito zaidi, la sivyo pedali zitakukimbia.