Neva ya hisia inawezaje kuotesha mishipa ya damu?

Swali: Ninasomea fiziotherapia. Mhadhiri wetu alitaja kwa haraka kwamba neva za hisia huchangia kuota kwa mishipa mipya ya damu penye inflamesheni ya muda mrefu, kwa mfano kwenye goti lenye osteoathritisi (ugonjwa wa kuchakaa kwa kiungo). Mimi najua neva ya hisia hupeleka taarifa kwenye uti wa mgongo, basi. Inaoteshaje mshipa? Na kama ni hivyo, mbona hatuzizimi neva hizo uvimbe upungue?

Jibu: Ulichofundishwa ni kweli, ila ni nusu ya habari. Kwaruza ngozi ya mkono wako kwa nguvu kiasi. Utaona mstari mwekundu, kisha wekundu unasambaa hadi pale ambapo kucha haikugusa. Wekundu huo wa pembeni ni kazi ya neva. Uzi wa neva una matawi mengi kwenye ngozi. Ishara inapanda tawi moja, inafika kwenye njia panda, na sehemu yake inashuka kwa tawi jingine hadi kwenye mishipa ya damu. Ukikata neva, wekundu bado hutokea kwa siku kadhaa, mpaka nyuzi zilizobaki upande wa ngozi zife. Maana yake uti wa mgongo hauhitajiki hata kidogo. Mwanafiziolojia Bayliss alikwisha kuonyesha mwaka 1901 kwamba kusisimua mizizi ya nyuma ya uti wa mgongo hutanua mishipa ya damu ya mguu, na wengi walisita kumwamini kwa sababu mizizi hiyo ilijulikana kuwa njia ya kuingizia taarifa tu.

Kinachomwagwa na ncha za neva ni peptidi (minyororo mifupi ya asidi amino), hasa mbili. CGRP, yenye asidi amino 37, hutanua vijiateri, yaani ateri ndogo. Dutu P, yenye asidi amino 11, hushika vipokezi vya NK1 na kuacha nafasi kati ya seli za ukuta wa vena ndogo, plazma ikavuja. Hayo ni mambo ya dakika chache. Kuota kwa mshipa huchukua siku, na hapo ndipo swali lako lilipo.

Seli za ukuta wa ndani wa mshipa zina vipokezi vilevile vya NK1. Dutu P ikizifikia tena na tena, zinachochewa kugawanyika na kusogea. Plazma iliyovuja nayo haiendi bure: ina fibrinojeni, ambayo huganda kuwa wavu wa fibrini, na seli za mshipa mchanga hutambaa juu ya wavu huo. Dutu P pia huamsha seli masti, ambazo ni seli za kinga zilizo kwenye tishu, nazo humwaga histamini na VEGF; VEGF ndiyo kichocheo kikuu cha mishipa mipya. CGRP husaidia kwa upande wake. Panya walioondolewa jeni yake huotesha mishipa michache zaidi kwenye kidonda.

Sasa rudi kwenye goti. Gegedu, tishu nyororo inayofunika ncha za mifupa, haina mishipa ya damu wala neva kwa mtu mzima. Katika osteoathritisi, mishipa hutoboa kutoka kwenye mfupa ulio chini yake na kuingia ndani ya gegedu, na nyuzi nyembamba za neva huingia pamoja nayo. Tishu yenye inflamesheni hutoa NGF, protini ya kukuza neva, ambayo hufanya neva itengeneze peptidi nyingi zaidi na isisimke upesi zaidi. Neva inachochea mishipa, mishipa inafungulia neva njia, na sehemu ambayo haikuwa na uwezo wa kuuma inaanza kuuma. Nikiwa na dakika moja tu ya kumfundisha mwanafunzi kuhusu goti, ningeitumia hapa.

Lakini usiipe neva cheo kisicho chake. Upungufu wa oksijeni na seli za kinga vinaweza kuotesha mishipa bila neva kuhusika. Neva inachochea moto. Mara nyingi si yenyewe iliyouwasha.

Kuhusu kuizima: dawa za kuziba NK1 zilifanya vizuri kwa wanyama, zikashindwa kutuliza maumivu ya osteoathritisi kwa binadamu. Mojawapo ya kundi hilo, aprepitanti, iliidhinishwa Marekani mwaka 2003 kwa kichefuchefu cha wagonjwa wa kimotherapia. Ganzi nayo huzuia ishara kusafiri kwenye uzi, ila ncha ya neva inaweza kumwaga peptidi papo hapo ikichokozwa na kemikali za inflamesheni. Na neva hizi zinahitajika. Panya ambao neva zao zimeharibiwa kwa dozi kubwa ya kapsaisini, kemikali inayofanya pilipili iwashe, hupona vidonda polepole. Kwa binadamu, tazama mguu wa mtu mwenye kisukari ambaye nyuzi zake nyembamba zimekufa: hasikii jeraha likianza, na tishu imepoteza mmoja wa wasaidizi wa kuleta damu ya kulifunga.