Ukili mweupe wa siku za eda

Assalaam alaykum, dada yangu uliyeuliza. Pole sana kwa kufiwa na mume. Mwenyezi Mungu amrehemu naye akujaalie subira. Umeuliza kama kushika kazi ya mikono ukiwa ndani ya eda kunasaidia kweli, au ni maneno tu ya watu wasiojua la kumwambia mfiwa. Hukumu za dini muulize sheikh wa msikiti wenu. Mimi nitakueleza yaliyonipata hapa Lindi miaka sita iliyopita, nilipokaa eda ile ya miezi minne na siku kumi iliyotajwa katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 234.

Matanga yakishaanuliwa, majamvi hukunjwa, masufuria ya kuazima hurudishwa kwa wenyewe, na mjane hubaki na alasiri zake. Kwangu alasiri ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko usiku, kwa kuwa ndio wakati marehemu alipokuwa akirudi, na masikio yangu yaliendelea kuisubiri kengele ya baiskeli yake. Alasiri moja wifi yangu aliingia na fungu la ukindu mkavu, yaani majani ya mkindu ya kusukia mikeka, akaketi ubavuni pangu na kuanza kuchana. Naye alikuwa amefiwa na kaka yake wa pekee, kwa hiyo sidhani kama alikuja kunifariji tu. Alikuwa akitafuta pa kukaa.

Sikuwahi kusuka. Wageni wakitaja kazi za mikono za kusini huanza na vinyago vya mpingo vya Wamakonde, wakaishia hapo hapo, na mimi niliyezaliwa huku huku nilikuwa nimekalia mikeka maisha yangu yote bila kuitazama. Wifi alinipa chane kumi na moja, yaani vipande vyembamba vya ukindu uliochanwa, akanionyesha namna chane ya pembeni inavyokunjwa na kupita juu ya mbili, chini ya mbili, hadi ifike upande wa pili, na namna ya kuunga chane mpya kabla ya ile ya zamani kwisha. Kazi ni hiyo tu, lakini haikubali mawazo mawili. Kilio kikinijia nilipoteza hesabu, na kosa la ukili, ule utepe mrefu unaosukwa kisha kushonwa uwe mkeka, halifichiki. Linatokeza kama jino lililopanda, na huna budi kufumua mpaka ulifikie. Wifi alikuwa akisema, "Lia, wifi, lakini chane usiiachie."

Walioniambia kwamba kusuka kutanisahaulisha walinidanganya, na naona heri ulijue hilo mapema. Sikusahau hata siku moja. Kilichobadilika ni kwamba huzuni ilipata mahali pa kupita badala ya kunizunguka kichwani, na jioni ilipoingia nilikuwa na kitu cha kupima. Nilikipima kwa pima, kutoka ncha ya kidole cha mkono mmoja hadi ncha ya kidole cha mkono wa pili, na mwendo wangu ulikuwa pima moja kwa siku nne au tano.

Ukindu ule haukutiwa rangi. Wifi alisema kuwa mwenye eda hajipambi, basi na ukili wake ukae mweupe mpaka atoke. Hilo lilikuwa lake mwenyewe, sikulisikia kwa sheikh yeyote, ila ndilo lililonifungua macho. Nilidhani mweupe ni mweupe. Baada ya wiki kadhaa nikaanza kuona chane zenye ukijani wa mbali, nyingine zenye rangi ya chai ya maziwa, na nyingine zinazong'aa upande mmoja tu, nikajikuta nazichagua na kuzipanga ili zipokezane vizuri. Siku hiyo niliona haya, kana kwamba nimemkosea marehemu kwa kufurahia kitu. Leo sioni haya tena.

Eda ilipokwisha nilikuwa na pima ishirini na sita. Tulizishona pamoja kwa shazia, ile sindano kubwa ya mikeka, nami nikavuta uzi kwa nguvu mno upande mmoja, hata mkeka ukainua pembe na haujalala chini vizuri mpaka leo. Wifi alitaka tufumue, nikakataa. Ukipapasa karibu na pembe hiyo utakuta ukili umelegea kwa kiasi cha shubiri moja. Ni ile siku waliyokuja kuichukua baiskeli. Nauswalia mkeka huo.

Ukitaka kuanza, usianze na mkeka wala rangi. Anza na ukili wa chane chache, asubuhi au jioni wakati hewa ina unyevu, kwa sababu ukindu mkavu wa saa saba mchana hukatika mkononi na kukukatisha tamaa bure. Mtume mtu sokoni akununulie fungu moja, na mwambie alikunje jani kabla ya kulipa. Likivunjika, aliache.