Barua kwa mwanangu: Siku yako Bergen

Mwanangu Zuhura,

Waalaykum salaam. Ujumbe wako tumeusoma pamoja na mamako. Unasema meli mtaipanda Southampton, na siku ya kutimiza miaka 30 itakukuta Bergen, Norwe, ambako utabiri ni mvua kutwa. Unauliza ushuke ukalowe, au ubaki melini ukatiwe keki na kuimbiwa na wahudumu.

Shuka. Keki utaikuta jioni, na wale wahudumu huimbia mtu karibu kila usiku. Bandarini mna saa chache tu.

Mvua ya Bergen ukiingojea ikatike utazeeka. Upepo wa magharibi unakuja na unyevu wa Atlantiki, unakuta milima imeuzunguka mji, unapanda, unapoa, unamwaga. Kwa mwaka hunyesha zaidi ya milimita 2,200, ambayo ni mara mbili ya mvua ya Mombasa na zaidi. Mwishoni mwa Oktoba 2006 ilianza kunyesha ikaenda siku 85 mfululizo. Ungezaliwa Mei ungekuwa na nafasi nzuri zaidi ya kuona jua, lakini Septemba ndiyo uliyoichagua wewe, mamako hakukuharakisha. Mwavuli uache chumbani, upepo utaupindua tu. Vaa koti la mvua lenye kofia, na viatu visivyopitisha maji.

Mumeo anataka mlipie basi la matembezi. Mimi nisingelipia. Vioo vitashika ukungu na mtauona mji kupitia maelezo ya mwongozaji. Meli ikifunga gati la Skolten, mji wa kale mnaufikia kwa miguu, na njiani mtapita ngome yenye ukumbi wa mawe wa Mfalme Håkon, wa karne ya 13.

Siku yenyewe itumieni Bryggen, zile nyumba za mbao zilizopangana mbele ya maji. Watu wengi hupiga picha kwa mbele wakaondoka. Nyie ingieni vichochoroni, ambako sakafu ni mbao na mapaa yanakaribia kugusana juu yenu. Hapo ndipo wafanyabiashara wa Kijerumani wa umoja wa Hansa walipokuwa na kituo chao, tangu karibu 1360 hadi 1754. Walinunua samaki aina ya chewa waliokaushwa kwa upepo wa baridi kaskazini, bila chumvi, wakaleta nafaka. Wewe umekulia karibu na bandari ya majahazi, hutahitaji kuelezwa sana: ni kama yale majahazi ya Ghuba yaliyoleta tende na papa mkavu, yakarudi na boriti.

Tofauti ni moto. Mbao tupu, samaki wakavu, mapipa ya mafuta, basi moto ulipigwa marufuku ndani ya nyumba zile. Hebu fikiria baridi ya Januari! Nyuma, karibu na Kanisa la Maria, kulikuwa na majumba ya pamoja, Schøtstuene, na huko ndiko walikoruhusiwa kuwasha moto, kupika, kula na kuota. Vijana wanagenzi walisomeshwa humo pia. Hawakuruhusiwa kuoa wenyeji. Na pamoja na tahadhari yote hiyo, mwaka 1702 moto uliteketeza mtaa mzima, wakaujenga upya kwa ramani ileile. Schøtstuene sasa ni makumbusho. Ingieni huko mvua ikizidi. Mkiwa mmelowa mtaelewa watu wale walikuwa wakikimbilia nini.

Chakula hakina mjadala: supu ya samaki, na baadaye skillingsbolle, andazi la kuzungushwa lenye mdalasini na sukari. Chomekeni mshumaa hapo mkitaka. Sokoni kwa samaki pitieni kutazama, ila bei zake ni za wageni.

Treni ya kupanda mlima Fløyen, iliyoanza 1918, inawafikisha mita 320 kwa dakika chache. Kabla ya kukata tiketi inueni macho kutoka sokoni. Kituo cha juu kikionekana, pandeni. Kikiwa kimemezwa na wingu, mtalipa kuangalia weupe.

Sasa lililo muhimu kwa baharia mstaafu. Norwe iko mbele ya Uingereza kwa saa moja, na simu hujibadilisha yenyewe. Asubuhi ulizeni meli inafuata saa ipi, mwisho wa kupanda ni lini, na hesabuni kwa saa hiyo. Aliyetoka kivyake hangojwi. Kadi ya meli iwe mfuko wa ndani.

Mkahawani kukiwa na intaneti tupigie. Huku tuko mbele yenu kwa saa moja, kwa hiyo usichelewe sana, mamako hulala mapema siku hizi.

Babako,
Mombasa