Jibu: Niache king'amuzi nibaki na intaneti?

Mkuu, kwa hapo Majengo, Moshi, kuacha king'amuzi ubaki na Netflix na YouTube inawezekana, ila kinachoamua ni bando. Netflix wenyewe wanasema HD (picha ang'avu) inakula hadi GB 3 kwa saa. Picha ya kawaida kama GB 1. Watoto wakifunga shule, bando la simu halifiki hata jioni. Ukipata faiba (intaneti ya waya) isiyo na kikomo, sawa, kasi ya Mbps 5 inatosha.

Tatizo mpira. Simba na Yanga wako king'amuzi cha Azam, Netflix huwaoni. Ningekuwa wewe ningelipia Azam ligi ikichezwa tu. Na vile vi-Android box (visanduku vya kuchomeka kwenye TV upate intaneti) vya bei chee, kuwa navyo makini, vingi Netflix yake haifiki HD.